Ndugu akikamatwa ughaibuni, ubalozi wetu unawajibika kufanya nini hasa?

#1 Mzee wa Gerezani

Wakuu, salaam. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko mahabusu katika nchi moja ya Asia tangu mwezi wa pili. Habari hiyo hatukuipata ubalozini wala kwa serikali ya huko, bali kwa kijana aliyekuwa akipanga naye chumba, ambaye alituma ujumbe wa sauti usiofika dakika moja kisha simu yake ikazimwa mpaka leo. Nilipopiga simu ubalozini, afisa aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akaandika jina kamili, namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, halafu akasema kwamba hawana taarifa yoyote ya mtu huyo. Wiki tatu baadaye nilipewa jibu lilelile.

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, nchi iliyomkamata haikupaswa kuuarifu ubalozi siku ileile? Na ubalozi ukishajua, una uwezo wa kumtoa, au kazi yake ni kumpelekea sabuni na dawa ya meno? Msikitini niliambiwa kwamba balozi akipiga simu moja tu mtu anaachiwa. Nyumbani shemeji yangu anasema ubalozi hauna meno kabisa. Wote wawili wanasema kwa uhakika uleule.

#2 Mlalahoi wa Tandika

Pole sana Mzee. Ubalozi ni wa wakubwa. Mchezaji wa kikapu wa Marekani, Brittney Griner, alikamatwa Urusi mwezi Februari 2022, na ilipofika Desemba mwaka huohuo alikuwa amekwisha kubadilishwa na mfanyabiashara wa silaha Viktor Bout. Mpwa wako atabadilishwa na nani?

Halafu, samahani, mtu mwenye jina la "Gerezani" kuleta uzi wa mahabusu, hapo umejitabiria.

#3 Wakili wa Kaloleni

Mzee, pole. Mlalahoi, umechanganya mambo mawili. Griner hakutolewa na konseli, yaani afisa wa ubalozi anayeshughulikia raia wa nchi yake. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa kifungo cha miaka 9, na kilichomtoa ni makubaliano ya kisiasa kati ya serikali mbili. Kazi ya konseli ni nyingine, nayo imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli, uliopitishwa mwaka 1963 na kuanza kutumika mwaka 1967.

Ibara ya 36 ya mkataba huo inawataka wanaomkamata mgeni wamwambie, bila kuchelewa, kwamba ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Yeye akiomba, ubalozi uarifiwe bila kuchelewa, na barua atakayoiandika kwenda ubalozini isikaliwe mezani kwa mtu. Maafisa wa konseli nao wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wa kumtetea mahakamani, isipokuwa pale ambapo yeye mwenyewe amekataa waziwazi.

Tafadhali tazama neno "akiomba", kwa sababu swali lako la kwanza limekaa hapo. Mkataba hauwalazimishi polisi kuuambia ubalozi kila wanapomkamata mgeni. Unawalazimisha kumwambia huyo mgeni. Kwa swali la pili, Ibara ya 55 inawataka maafisa hao waheshimu sheria za nchi waliyomo na wasiingilie mambo yake ya ndani. Konseli hawezi kumwamuru hakimu, hawezi kumtoa mtu rumande, na mkataba haumlazimishi kumlipa wakili. Anaweza kuhakikisha kwamba mtu wenu ana mkalimani, anajua ameshitakiwa kwa kosa gani, na hatendewi vibaya kuliko wenyeji. Shemeji yako na jamaa wa msikitini wote wamekosea, ingawa shemeji amekosea kidogo zaidi ya nusu.

#4 Mlalahoi wa Tandika

Kwa hiyo haki ipo iwapo mtu ataiomba, hataiomba mpaka aambiwe, na wa kumwambia ni yuleyule aliyemfunga pingu. Ahsante Wakili, nimekuelewa vizuri kuliko ulivyokusudia.

#5 Kijana wa Likoni

Hamjambo majirani. Upande wetu wa Kenya tulipata somo mwezi Machi 2025, mahakama ya Ho Chi Minh City ilipomhukumu kifo Mkenya mmoja aliyekutwa uwanja wa ndege mwaka 2023 na zaidi ya kilo 2 za kokeini. Nchi nzima ilianza kulia siku chache baada ya hukumu, na Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje akatangaza kwamba amezungumza na wenzake wa Vietnam. Swali nililojiuliza wakati ule ndilo ninalowauliza sasa: katika miezi yote kati ya kukamatwa na hukumu, nani alikuwa akiketi naye? Ubalozi wetu unaoshughulikia Vietnam uko Bangkok, nchi nyingine kabisa. Afisa akitaka kumwona mfungwa mmoja anahitaji viza, tiketi, kibali cha gereza na siku mbili tatu za kazi.

Mimi nadhani Mlalahoi anakosea anapodhani ni dharau. Ni umbali na mfuko. Na nijuavyo, "bila kuchelewa" maana yake ni ndani ya saa 24, kwa hiyo Mzee anaweza kuishitaki nchi hiyo.

#6 Wakili wa Kaloleni

Likoni, hapana. Mkataba hautaji saa. Mexico iliwahi kudai mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwamba mtu anapaswa kuambiwa kabla hata hajaanza kuhojiwa, na Mahakama ikakataa, katika hukumu ya Machi 2004 ijulikanayo kama Avena. Ilisema wajibu wa kumwambia unaanza pale wanaomshikilia wanapotambua kwamba ni mgeni, au wanapokuwa na sababu ya kudhani hivyo. Hata hivyo Mexico ilishinda sehemu kubwa, kwa sababu kati ya raia wake 52 waliohusika, Marekani ilikutwa imevunja wajibu huo kwa 51. Tena anayeweza kushitaki katika mahakama hiyo ni dola, si mjomba.

#7 Mwana Goma

Jambo kwenu wote. Mnataja Mexico na Vietnam huku mfano uko hapa nyumbani kwetu Kongo. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara kutoka Guinea, aliishi Kinshasa zaidi ya miaka thelathini, akawa na makampuni mawili, na makampuni hayo yakawa yanaidai serikali na makampuni makubwa ya mafuta fedha nyingi. Novemba 1995 akakamatwa, akakaa siku 66 mfululizo, akaachiwa, akakamatwa tena, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege na kufukuzwa. Guinea ilikwenda The Hague, iliko Mahakama hiyo ya Kimataifa, kumtetea, na mwaka 2010 Mahakama ikasema kwamba Kongo ilivunja Ibara hiyohiyo ya 36, kwa sababu haikumwambia haki yake.

Serikali yetu ilijitetea kwamba aliambiwa kwa mdomo. Mahakama ikaona hakuna ushahidi. Ilijitetea pia kwamba Diallo mwenyewe hakuomba. Hapo jibu la Mahakama lilinipendeza sana: huenda mtu hakuomba kwa sababu hasa hakuambiwa kwamba anaweza kuomba. Na hata kama ubalozi umesikia habari kwa njia nyingine, kosa la kutomwambia halifutiki. Mlalahoi, hoja yako ya bandiko la 4 ina miaka kadhaa sasa katika vitabu vya hukumu.

Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola 95,000 kwa kuvunja Ibara ya 36. Kwa hiyo Likoni hajakosea sana, kesi inawezekana.

#8 Wakili wa Kaloleni

Mwana Goma, simulizi yako ni sahihi isipokuwa mwisho wake. Fidia ile ilitokana na kukamatwa na kufukuzwa kinyume cha sheria, na si kwa Ibara ya 36 peke yake. Guinea ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni 11. Wenye kutegemea fidia waangalie pia miaka: alifukuzwa 1996, fidia ikaamuliwa 2012.

#9 Mama Nasra

Assalaam aleykum. Nimesoma sheria zenu zote nikaona nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana mimi sikuisoma Ibara, niliilalia.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika mji mmoja wa Ghuba. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alishika pasipoti tangu siku ya kwanza, na nilipoondoka nyumbani kwake baada ya miezi saba bila mshahara, aliripoti kwamba nimetoroka. Ripoti ile peke yake inatosha kukufanya mkosaji. Nilikamatwa kituo cha basi na kupelekwa mahali wanapowekwa wanaosubiri kurudishwa kwao, ambapo sisi wenyewe tulipaita Tarhili. Tulikuwa wanawake wa mataifa mengi katika ukumbi mmoja, na kila taifa lilikuwa na siku yake ya kutembelewa. Wafilipino walikuwa wakitembelewa mara nyingi kuliko sisi, na nasema hivi bila kumlaumu mtu, kwa sababu wao pia walikuwa wengi kuliko sisi.

Afisa wetu alipokuja alisimama uani akasoma majina kwenye karatasi. Jina langu halikuwamo. Wiki iliyofuata halikuwamo. Nilikaa siku kumi na tisa zaidi ya wenzangu mpaka mlinzi mmoja wa kike, Mungu amlipe, alipolinganisha alama zangu za vidole na orodha, tukagundua kwamba jina langu la Kiswahili lilikuwa limeandikwa kwa Kiarabu kwa masikio ya karani, kisha likarudishwa kwa herufi za Kilatini na mtu mwingine. Mwanaidi akawa Munaydah, na jina la baba likawa jina la ukoo. Ubalozi ulikuwa ukimtafuta Mwanaidi, nami nilikuwapo pale nikiwa mtu mwingine. Baada ya hapo hati ya dharura ya kusafiria ilichukua siku nne tu.

Mzee wa Gerezani, kabla hujaamua kwamba umedanganywa au umepuuzwa, jiulize kwanza mpwa wako anaitwaje huko aliko.

#10 Mzee wa Gerezani

Mama Nasra, ahsante, umenikosesha usingizi. Mpwa wangu ana majina matatu, na la mwisho ni la babu yake, ambalo hapa nyumbani hakuna anayemwita kwa hilo. Niliwapa ubalozi majina mawili tu. Kesho nitapiga tena na kuwapa yote, pamoja na kila tahajia ninayoweza kuifikiria.

#11 Mrundi wa Nyarugusu

Amahoro. Ninaona wengi mnalilaumu neno "akiomba" katika mkataba, na nawaomba mlitazame upande wa pili. Mimi ni mkimbizi. Nikikamatwa kesho katika nchi yoyote, watu wa mwisho ninaotaka waarifiwe nilipo ni maafisa wa serikali niliyoikimbia. Neno hilo ndilo linalonilinda. Kama polisi wangelazimika kuuambia ubalozi bila kuniuliza, basi kukamatwa kwa kosa dogo la kibali kungekuwa njia ya kunipeleka mikononi mwa wale wale.

Ninachotaka kusema ni kwamba mpwa wa Mzee anaweza kuwa ameulizwa na akajibu hapana, na akawa na sababu yake.

#12 Mlalahoi wa Tandika

Sababu gani? Kijana wa Gerezani amemkimbia nani?

#13 Mrundi wa Nyarugusu

Labda amekimbia macho ya mjomba wake. Si kila aibu ni ya kisiasa.

#14 Mtoto wa Ujiji, Ohio

Wakuu habari. Kuna jambo moja halijasemwa. Mkataba wa Vienna ni msingi tu. Nchi mbili zinaweza kukubaliana zaidi ya hapo, na ziko nchi ambazo mtu wake akikamatwa lazima ubalozi uarifiwe, atake asitake. Hapa Marekani Wizara ya Mambo ya Nje huwapa polisi orodha ya nchi hizo. Tanzania imo katika orodha hiyo. Nigeria imo, Ghana imo, Zambia imo. Kenya na Uganda hazimo, kwa hiyo Mkenya hapa huulizwa kwanza. Jambo la kwanza ambalo Mzee angepaswa kuulizwa katika uzi huu ni nchi gani hiyo ya Asia, na kama ina makubaliano nasi.

Hata hivyo msidhani kwamba orodha inatekelezeka yenyewe. Hapa polisi ni wa miji, wa kaunti na wa majimbo, maelfu ya idara, na askari wa mji mdogo anaweza kustaafu bila kumkamata Mtanzania hata mmoja. Ndugu wawili wa Mexico, akina LaGrand, waliuawa Arizona mwaka 1999 kabla ubalozi wao haujajua lolote.

#15 Kijana wa Likoni

Ujiji, kwa hiyo hata katika kukamatwa Watanzania mmetutangulia. Tumekubali.

Lakini akina LaGrand walikuwa Wajerumani, si Wameksiko. Walizaliwa Ujerumani, wakahamia Marekani wakiwa watoto wadogo, na mwaka 1982 walijaribu kupora benki Arizona, meneja akauawa. Ubalozi wao ulijua kabla hawajauawa, ila ulijua mwaka 1992, miaka minane baada ya hukumu ya kifo, na habari ilitoka kwa ndugu wenyewe, ambao nao waliambiwa na wafungwa wenzao. Karl aliuawa tarehe 24 Februari 1999. Tarehe 3 Machi Mahakama ya The Hague iliamuru Walter asiuawe wakati kesi ikisubiriwa, na siku ileile akauawa. Ujerumani ilipewa ushindi mwaka 2001. Sijui ushindi huo ulipelekwa kwa nani.

#16 Wakili wa Kaloleni

Likoni yuko sahihi. Kwa Mexico, aliyeuawa na ambaye jina lake linatajwa sana ni José Medellín, huko Texas, Agosti 2008, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kusema kwamba hukumu ya Avena haiwezi kulilazimisha jimbo mpaka Bunge litunge sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Marekani ilikuwa imejitoa katika itifaki iliyoiwezesha Mahakama ya The Hague kusikiliza kesi hizo dhidi yake. Ninakiri kwamba hapa ndipo mwanasheria hubaki ameshika karatasi. Haki imeandikwa vizuri, ila dawa ya kuvunjwa kwake ni haba.

Tofauti ya Mexico ni kwamba haikungoja The Hague. Tangu mwaka 2000 ina mpango wake wa kuwapatia mawakili wazoefu raia wake wanaokabiliwa na hukumu ya kifo Marekani, na konseli zake huingia katika kesi mapema, zikatafuta vyeti vya shule, rekodi za hospitali na mashahidi wa utotoni kutoka vijijini. Kazi ya namna hiyo haifanywi na simu ya balozi.

#17 Fundi Saa

Na je, kama mpwa hakusafiri kwa pasipoti yetu? Ninauliza kwa nia njema. Nimeona vijana wakiondoka na pasipoti ya nchi jirani kwa sababu viza yake ilikuwa rahisi. Ukikamatwa na pasipoti ya nchi fulani, nchi hiyo ndiyo itakayoulizwa, nayo ikisema "huyu si wetu" unabaki huna wa kukuuliza.

Mwenye uraia wa nchi mbili halali naye ana shida yake. Nazanin Zaghari-Ratcliffe alikuwa Muirani na Mwingereza. Iran haitambui uraia wa pili, kwa hiyo kwa miaka yote kuanzia 2016 hadi 2022 ilimchukulia kuwa Muirani tu na kuwanyima Waingereza nafasi ya kumwona. Wale mnaodai uraia pacha kila siku mlifikirie na hilo.

#18 Mtoto wa Ujiji, Ohio

Fundi, usitupeleke huko, uzi wa uraia pacha una kurasa zake na matusi yake. Hoja yako ya pasipoti ya jirani ninaiunga mkono.

#19 Dawati la Tatu

Nimekuwa nikisoma kimya. Nilifanya kazi ya konseli kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, na sitasema ni katika ubalozi gani. Nitaeleza siku ya kazi ilivyokuwa, kila mtu achukue anachotaka.

Asubuhi kunakuwa na watu wa pasipoti, vyeti vya ndoa, na mwili wa marehemu unaosubiri kusafirishwa. Afisa ni mmoja, au wawili ukiwa na bahati, na katika hao mmoja anahudumia nchi nyingine tatu za jirani. Simu ya familia ya mahabusu inaingia kati ya hayo yote. Kwanza ninaandika barua rasmi kwenda wizara ya mambo ya nje ya nchi ile, kwa sababu siruhusiwi kuandika moja kwa moja gerezani. Wizara inaiandikia polisi au magereza. Magereza inajibu wizara, na wizara inanijibu mimi. Nchi nyingine hunijibu kwa siku tano, nyingine kwa miezi miwili. Jina likiwa na kosa la herufi moja jibu huwa "hayupo", na barua inaanza upya. Alichokisema Mama Nasra nimekiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nikishapata kibali ninakwenda. Mlinzi anakaa pembeni. Ninamuuliza kama ana afya, kama amepigwa, kama ana mwanasheria, na kama anaelewa mashitaka. Wengi wanadhani nimekuja na funguo. Ninapomwambia kwamba siwezi kumtoa, sura inabadilika, na wapo waliokataa kuniona mara ya pili. Halafu ninamuuliza swali ambalo familia hazipendi: je, ninaruhusiwa kuwaambia ndugu zako ulipo? Wengine husema hapana. Mtu mzima akisema hapana, sina ruhusa ya kumwambia mama yake, hata mama huyo akipiga simu kila Jumatatu akilia. Ninachoweza kumjibu ni kwamba sina taarifa ninayoweza kumpa, na sentensi hiyo ikisikika simuni inafanana sana na "hatuna taarifa".

Mlalahoi, kuhusu wakubwa na wadogo sikukatalii. Simu ikitoka juu, barua yangu ilikuwa inajibiwa upesi. Sikuwahi kuipenda hali hiyo.

#20 Mlalahoi wa Tandika

Mzee wetu Dawati, shikamoo. Umesema kweli na nimepunguza hasira kidogo. Ila msiniambie ni umbali na tahajia tu. Mei 2025 mwanaharakati wa Kenya, Boniface Mwangi, alikamatwa hapa Dar es Salaam, jina lake linajulikana Afrika Mashariki nzima, ubalozi wa Kenya uko mjini humohumo, na bado Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ililazimika kutoa taarifa hadharani kwamba maafisa wake wameomba mara kadhaa na wamenyimwa kumwona. Hapo hapakuwa na bahari wala herufi iliyokosewa. Nchi inayomshikilia mtu isipotaka aonekane, haonekani.

#21 Kijana wa Likoni

Hapo umenishinda, ndugu. Nami nitaongeza mfano unaoelekea upande mwingine kabisa, ili tusielewane. Mkenya mmoja alihukumiwa kifo Saudi Arabia kwa kifo cha mfanyakazi mwenzake katika ugomvi wa mwaka 2011. Kwa sheria ya huko familia ya marehemu inaweza kusamehe kwa diya, na walikubali riyali milioni 3.5. Mei 2024 hukumu ilikaribia kutekelezwa, na maafisa wetu wakafanikiwa kuomba iahirishwe. Michango ilizunguka misikitini na makanisani hapa Kenya, lakini fedha zilikuwa mbali na lengo, mpaka Rabita, jumuiya ya Kiislamu yenye makao Makka, ilipoingia na kusaidia. Julai 2025 akaachiwa. Sasa niambieni, aliyemtoa ni konseli, ni mama yake aliyehangaika miaka yote, ni Rabita, au ni familia ya marehemu?

#22 Mama Nasra

Konseli alinunua muda. Bila muda hao wengine wasingemkuta hai.

#23 Mwana Goma

Na mimi nasema ni mama. Konseli angenunua muda wa nani kama hakuna aliyemwambia?

#24 Mzee wa Gerezani

Wakuu, nimerudi na habari nusu. Niliwapigia na kuwapa majina matatu na tahajia sita. Jana wamenijibu kwamba yupo mtu mwenye tarehe ileile ya kuzaliwa, jina la babu likiwa mbele na la kwake likiwa mwisho kabisa. Pia wamesema kwamba kwenye kumbukumbu za polisi kuna fomu inayoonyesha mtu huyo aliulizwa kama anataka ubalozi uarifiwe, na pameandikwa hapana, pakiwa na saini. Nimetumiwa nakala ya saini. Inafanana na yake.

Fomu yenyewe ni ya lugha ya huko na Kiingereza. Mpwa wangu Kiingereza chake ni cha sokoni. Sijui kama alielewa alichokitia saini, au alielewa vizuri na akatukataa.

#25 Mlalahoi wa Tandika

Hakuelewa. Aliwekewa karatasi mbele usiku, akaambiwa tia saini hapa.

#26 Mrundi wa Nyarugusu

Au alielewa. Pole, Mzee. Tumwachie nafasi hiyo.

#27 Wakili wa Kaloleni

Kisheria haijalishi sana sasa, kwa kuwa kukataa kwa siku ile hakumfungi milele. Anaweza kuomba leo. Jambo la kufanya ni kumfikishia barua itakayomuuliza tena, kwa lugha anayoielewa. Muombe afisa aipeleke. Andika namba yake ya mahabusu juu ya bahasha na juu ya kila ukurasa, kwa sababu kurasa hutenganishwa wakati wa ukaguzi. Usiandike chochote kuhusu kesi yenyewe.

#28 Dawati la Tatu

Ninaunga mkono, na ninaongeza jambo moja la kiofisi: barua isiwe ya Kiswahili kitupu. Magereza mengi husoma barua kabla ya kuzitoa, na ile ambayo hakuna mtu wa kuisoma hukaa ikimsubiri mkalimani. Weka Kiingereza chepesi upande wa pili wa karatasi.

#29 Mzee wa Gerezani

Nimeiandika upya hivyo, kurasa mbili, na afisa amekubali kuipokea Alhamisi. Bibi yake amekataa kabisa salamu zake za mwisho zitafsiriwe, kwa hiyo mistari minne imebaki kwa Kiswahili.